Nilimkuta sokoni akiuza posho tuliyompa

Shangazi,

Salamu kutoka Busia, huku upande wetu wa Uganda. Nakuandikia nikiwa na uzito moyoni, na hata mume wangu sijamweleza nusu ya haya.

Sisi ni kikundi cha watu tisa: wanawake saba, kijana mmoja wa boda, na mzee mmoja aliyestaafu ualimu. Tulianza mwaka 2020, mpaka wetu na Kenya ulipofungwa kwa ajili ya korona. Huku kwetu watu wengi wanakula kwa kuvuka. Kuna anayebeba mizigo, anayepeleka ndizi ng'ambo, anayebadilisha pesa. Mpaka ulipofungwa, na majiko yalizimika. Tukaanza kuchangishana unga kwa vikombe, nyumba kwa nyumba, na korona ilipopita tukakuta shida haikupita nayo. Leo tuna familia 22 kwenye daftari. Kila Jumamosi ya pili, yaani kila wiki mbili, kila familia inapata kaveera, mfuko wa plastiki, yenye kilo 5 za posho (unga wa mahindi), kilo 2 za maharagwe, na kipande cha sabuni kikipatikana. Unga mwingi tunapewa na mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, mtu mwema asiyependa jina lake litajwe.

Kati ya hizo familia kuna mama mmoja mwenye watoto wanne. Amepanga muzigo, chumba kimoja tu. Mume alikwenda Nairobi kutafuta kazi ya ujenzi, na tangu Januari simu yake haipatikani. Yeye anafulia watu nguo. Nilimwandika mimi mwenyewe, mwezi wa tatu.

Mwishoni mwa mwezi wa tano, Jumatatu baada ya kugawa, nilikwenda sokoni kununua mukene, dagaa wetu wa ziwani. Kwenye meza ya muuza unga nikaiona kaveera yetu. Haiwezi kunipotea, kwa sababu huwa nakata kitenge cha kijani vipande vipande, na kila kaveera naifunga kwa mkono wangu. Na yule mama amesimama pale pale, anahesabu pesa. Baadaye nilisikia alipewa shilingi 7,500.

Shangazi, nilipandwa na hasira. Nilisema kwa sauti: "Sisi tunazunguka tunaombaomba kwa ajili yako, kumbe wewe unafanyia biashara?" Watu wakasimama. Hakujibu neno. Aliweka zile pesa mezani, akaichukua kaveera, akaja akaiweka chini mbele ya miguu yangu, akaondoka. Nilibaki nimesimama na kaveera miguuni, na mukene sikununua.

Tangu siku hiyo tumegawa mara mbili, naye hakuja. Mara ya kwanza nilimtuma mtoto wangu ampelekee, kaveera ikarudi. Mara ya pili nilipita mwenyewe. Hakuwepo, alikuwa amekwenda kufua. Binti yake mkubwa ndiye aliyefungua mlango. Mdogo, wa miaka miwili hivi, alikuwa amekaa mkekani, hachezi, ananitazama tu. Nikaona miguu yake na mashavu vimejaa, nikajiambia angalau wanakula. Nikaondoka.

Sasa kikundi kimegawanyika. Mzee wetu anataka tuweke sheria: atakayeuza chakula anafutwa, na harudi tena. Wengine wanaogopa kwamba mfadhili akisikia atatukatia unga, na familia 21 zitaumia kwa kosa la moja. Kikao ni Jumapili ijayo. Mume wangu anasema ninapoteza muda kwa watu wasio na shukrani. Mimi nusu nina hasira, nusu nina aibu, na usiku ninaiona ile kaveera miguuni mwangu.

Je, nilikosea? Tumfute? Na yule mfanyabiashara tumwambie nini?

Mfunga kaveera, Busia

*

Mwanangu,

Kabla ya uliyoniuliza, nianze na ambalo hukuniuliza. Kuna mahali katika barua yako nimeparudia mara tatu. Mtoto wa miaka miwili amekaa mkekani, hachezi, miguu na mashavu yamejaa. Wewe uliona unene. Mimi nimeogopa.

Nenda leo. Ukifika, bonyeza kwa dole gumba upande wa juu wa nyayo zake zote mbili, taratibu, huku unahesabu mpaka tatu, kisha uachilie. Kikibaki kishimo pande zote mbili, huo si unene, ni maji, na ni dalili ya utapiamlo mkali. Mtoto wa namna hiyo huwadanganya watu wengi kwa sababu anaonekana amejaa. Tazama pia nywele kama zimekuwa nyepesi na kugeuka rangi. Kule kutocheza nako ni dalili. Mtoto wa miaka miwili aliye mzima hakai kumtazama mgeni, anamfuata au anamkimbia.

Mtafute mhudumu wa afya wa kijiji, VHT wenu, aje na ule utepe wa kupima mkono. Utepe ukisoma chini ya sentimita 11.5, ni nyekundu, anapelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kati ya hapo na 12.5 ni njano, naye anahitaji kuangaliwa. Lakini miguu ikibonyea, hata utepe ukisema kijani, hamsubiri kesho. Kijana wenu wa boda ana kazi ya maana kuliko kubeba magunia wiki hii. Mama atakuwa na hofu ya gharama, mkumbushe kwamba ada kwenye vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001. Nenda mpaka pale anapofua, mwambieni yeye kwanza, mwende naye. Usimchukue mtoto bila mama yake, hata kwa wema. Na msimshindilie chakula njiani mkidhani mnafidia. Mwili uliodhoofika hivyo unarudishwa kwa mpango, na kituoni wanaujua mpango huo.

Kama bado hujaenda, acha kusoma hapa. Haya mengine yatakusubiri.

Sasa tukae.

Umeniuliza kama ulikosea. Ndiyo, mwanangu, ulikosea. Nalisema waziwazi kwa sababu umelibeba kwa majuma, na ukimya wa wenzako hautakupunguzia. Lakini ninavyoelewa mimi, kosa lenu lilianza siku ya kupanga cha kutia ndani ya kaveera, na hilo ni la kikundi kizima. Huko sokoni ndiko lilikoonekana tu.

Nikupe langu. Aprili 2020 nilikuwa Kampala, tumefungiwa. Serikali ilikuwa inagawa Kampala na Wakiso, kilo 6 za posho na kilo 3 za maharagwe kwa kila mtu. Jirani yangu alipata mgao wake na nikafurahi kwa ajili yake. Nikajiambia huyu kwa sasa ana nafuu. Siku ya tano, saa tatu usiku, aligonga mlango kwa kucha, kama mtu anayeogopa kusikika. Alikuwa na bakuli limefunikwa kanga. Ndani mna maharagwe mabichi. Akaniomba, kama bado nina moto, nimtumbukizie kwenye sufuria yangu, kwa sababu kwake makaa yalikuwa yamekwisha tangu siku ya pili na pesa hakuna. Siku tano zote watoto walikuwa wanakunywa uji wa posho, anaukoroga kwa vijiti na makaratasi anayookota. Maharagwe yapo pembeni, kilo kadhaa, na nyumba ina njaa.

Tangu usiku huo siwezi kuona maharagwe makavu nikayaita chakula mpaka nijue yatapikiwa nini. Wewe unapika, unajua. Maharagwe makavu ambayo hayakulowekwa yanakula saa mbili, saa tatu za moto. Kwa mtu anayenunua makaa kwa kopo, sufuria moja ya maharagwe inaweza kumeza makaa ya siku mbili. Halafu chumvi. Halafu kitunguu, na mafuta japo kijiko. Tena kodi ya muzigo haipokelewi kwa unga. Mtoto wa kike aliyevunja ungo hawezi kujisitiri kwa posho. Ninyi mmempa kilo 7 za chakula tu, naye ana shida kumi za namna nyingine. Mtu wa namna hiyo anafanyaje? Anakwenda sokoni kubadilisha. Si ndiyo kazi ambayo Busia nzima inaishi kwayo?

Na tazama tarehe. Mwishoni mwa mwezi wa tano. Mahindi ya mvua za kwanza bado yako shambani, hayajakomaa, kwa hiyo ndio wakati unga unapanda bei na vibarua vya mashambani vinaadimika. Ndiyo majuma hayo hayo shule zinapofungua muhula wa pili. Elimu ya msingi ya serikali haina ada tangu mwaka 1997, lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imemwachia mzazi chakula cha mtoto, na shule inaweza kumwambia alete unga au pesa ya uji. Mwenye watoto watatu wa kwenda shule, mume haonekani, anafanya hesabu ambayo wewe na mimi hatujawahi kulazimika kuifanya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, waliotutangulia walisema.

Sisemi najua kwa nini aliuza. Sijui, na wewe hujui, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Ulimuuliza sokoni, lakini lile halikuwa swali.

Hebu tufanye na hesabu ya ile 7,500, maana inauma. Tuseme dukani kilo ya posho ni 2,400. Kilo 5 ni 12,000, maharagwe tuyaache. Yeye kapata 7,500. Shilingi 4,500 zimepotea njiani, na aliyezipoteza si yeye. Laiti mngempa kilo 3 za unga na ile nyingine kwa makaa, chumvi na sabuni, zisingepotea. Hiyo ndiyo hesabu ya kupeleka kwenye kikao cha Jumapili, badala ya ile sheria.

Sasa kuhusu kumwomba radhi. Mambo ya mtoto yakishatulia, nenda tena, peke yako, jioni, amekwisha rudi kazini. Usibebe kaveera. Najua mkono mtupu utakusumbua, lakini ukienda na kitu utakuwa unanunua msamaha, naye atalijua hilo kabla hujakaa. Mwambie: "Dada, nilikuvunjia heshima mbele za watu, nilikosea, nimekuja kukuomba unisamehe." Basi. Usiongeze "lakini". Usieleze jinsi mnavyohangaika kutafuta unga. Akinyamaza, nyamaza naye. Aliponyamaza sokoni ulikuwa na haraka, safari hii usiwe nayo. Asipokusamehe siku hiyo, ni haki yake.

Kisha urudi sokoni. Hili wengi wanaliruka. Ulimwaibisha mbele ya meza ya muuza unga, wamesimama watu, halafu uombe radhi chumbani, mlango umefungwa? Nenda kwa yule muuza unga, na waliosikia wakiwepo wasikie tena. Sema kwa sauti ile ile: "Yule mama siku ile hakukosa, mimi ndiye niliyekosa." Huna haja ya kueleza ya nyumbani kwake. Kufikia jioni soko zima litakuwa limejua, kama lilivyojua lile la kwanza.

Na siku utakapomuuliza shida zake, usianze na "kwa nini uliuza". Muulize: "Wiki hii ni kitu gani kinachokunyima usingizi zaidi?" Kisha usikilize mpaka mwisho. Pengine atasema kodi. Pengine ni deni la dukani ambalo huwezi hata kulikisia. Ninyi tisa mnaweza msiwe na uwezo wa kulipa, lakini mtu kumwendea mwenye nyumba na kuomba wiki mbili, hilo mzee wenu mwalimu analiweza vizuri kuliko mtu yeyote. Wazee wa namna hiyo wanaheshimiwa. Mpeni kazi hiyo badala ya kutunga sheria.

Kuhusu sheria yenyewe: msiipitishe. Namwelewa mzee wenu. Anaogopa uaminifu wa kikundi usichafuke, na woga wake si wa bure. Wapo wanaochukua kwenu na kwa wengine, majina mawili, watoto wa kuazima. Yapo pia madaftari ambayo nusu ya majina ni ndugu wa wagawaji. Hayo yanafuatiliwa kwa kutembelea nyumba, wawili wawili, na kumuuliza mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, bila kumkabidhi daftari aliandike yeye. Ipo na nyumba ambayo baba anachukua kaveera akaigeuza waragi, ile pombe kali. Hapo nako kumfuta mama ni kumpiga mara mbili. Nyumba ya hivyo mnapeleka kilichopikwa, watoto wakala mkiona, au mama anapika kwa mmoja wenu. Kila tatizo lina dawa yake, na kufuta jina si dawa ya hata moja kati ya hayo. Ukimfuta mama aliyeuza unga apate makaa, umemfundisha jambo moja tu, kwamba safari nyingine auzie mbali.

Mfanyabiashara wenu mwambieni wenyewe, wiki hii, kabla hajasikia kijiweni. Wewe unaogopa ataudhika. Mimi nadhani ndiye atakayeelewa upesi kuliko nyote, kwa sababu kubadilisha bidhaa kwa pesa ndiyo kazi yake ya kila siku. Mwambie: "Mzee, unga wako ulifika. Mama mmoja aliuuza kwa hasara. Tulimpa unga bila cha kuupikia. Kosa ni la mpango wetu. Tunaomba kwenye magunia yako mawili, thamani ya nusu gunia tuigeuze makaa, chumvi na mukene." Jina la mama usilitaje. Akikasirika na kukata, mtakuwa mmempoteza kwa ukweli, na mtaanza tena na vikombe kama mwaka 2020. Mlikwisha anza mara moja bila yeye.

Nimesema mukene makusudi. Kilo mbili za maharagwe kwa watu watano kwa wiki mbili ni kidogo, na yakiisha inabaki posho tupu. Mtoto mdogo anashiba posho, tumbo linajaa, mwili haupati kitu cha kujijengea. Hospitali ya Mulago, Kampala, kwenye kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, kina mama wamekuwa wakifundishwa jambo hili tangu miaka ya 1960. Chakula cha mtoto kichanganywe, kile tunachokiita kitobero: kidogo cha posho au ndizi, kidogo cha maharagwe au karanga zilizosagwa, mukene, mboga za majani, vyote chungu kimoja, viponde pamoja. Hapo kwenu mukene wa Majanji, huko ziwani, si wa kutafuta mbali. Uoshe mara tatu, maana ule ulioanikwa chini una mchanga. Uukaange mkavu, uutwange, uufunge kwa kijikaratasi. Kijiko cha unga huo ndani ya uji wa mtoto hakiongezi hata kipande kimoja cha makaa.

Na maharagwe yenu mnaweza kuyapunguzia moto kabla hayajatoka mikononi mwenu. Waambieni watu wayaloweke usiku kucha na kumwaga maji yale asubuhi. Kisha yakichemka vizuri kwa muda, sufuria ifunikwe, iingizwe ndani ya kikapu kilichojazwa nguo kuukuu na majani ya migomba, ibanwe juu kwa blanketi, iachwe masaa. Yanaendelea kuiva yenyewe. Nimefanya hivyo miaka mingi, na wa kwanza kunionyesha ni yule yule jirani wa bakuli. Lakini lililo bora zaidi, kama nyumba zenu ziko karibu, pikeni pamoja. Ijumaa usiku sufuria moja kubwa, moto mmoja, kila familia itume mtu na bakuli lake asubuhi. Familia 22, majiko 22 ya maharagwe, ni makaa mangapi hayo?

Tena hapo kwenye sufuria kuna nafasi ya yule mama. Hapa ndipo ninapotaka hasa ufike. Kule Kigezi na Ankole kuna vikundi vya engozi, machela ya kubebea wagonjwa milimani. Kila nyumba ni mwanachama. Leo unabeba, kesho unabebwa, na hakuna anayemwambia aliyebebwa jana kwamba hana shukrani. Baganda nao wana munno mukabi, rafiki wa wakati wa shida, kwa ajili ya misiba, na wanaochanga ndio hao hao wanaofiwa. Ninyi mmejiweka tisa upande huu na 22 upande ule. Anayepewa kila Jumamosi ya pili, na haombwi chochote, mwishowe anakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Yule mama aliweka kaveera miguuni mwako akaenda na njaa yake. Huyo ana heshima yake kamili, mwanangu, na ni mtu wa kumtaka kikundini. Mwombe, akishapoa, aje asaidie kupanga kitakachotiwa kwenye mgao. Anajua kuliko ninyi tisa nini kinauzika, kwa bei gani, na kwa nini.

Mkianza kushika pesa za makaa, wekeni sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, kama vikundi vya kuweka akiba vinavyofanya. Pesa za maskini zikikaa kwa mtu mmoja, hata awe malaika, atasemwa. Mmoja wa hao watatu awe kati ya wanaopokea.

Halafu kuna vile vitambaa vya kijani. Umeandika ukijivunia, na ninaona mapenzi uliyotia, unakata kitenge chako mwenyewe na kufunga kwa mkono. Lakini uliitambua kaveera mezani kwa sababu ina alama. Basi na mtaa wote unaitambua. Kila anayepita na kijani mkononi Jumamosi amekwisha tangazwa: huyu anasaidiwa. Watoto wake wataambiwa shuleni. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hasemi. Ninyi mnaoingia nyumba za watu mkaona sufuria tupu ndio waosha. Tumieni kaveera za kawaida za dukani, zifungwe fundo. Kitenge kilichobaki kitakufaa kwa jambo jingine.

Mume wako usibishane naye. Nadhani anakuona unavyokosa usingizi, na hilo ndilo linalomuuma. Mweleze yote, hasa lile la sokoni. Umelificha mpaka limekuwa kubwa kuliko lilivyo.

Niandikie wiki hii, hata mstari mmoja, unijulishe yule mdogo alipopimwa utepe ulisoma ngapi, na miguu yake ikoje.

Shangazi